Nusu Omu

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Masomo yanakwendaje? Sisi huku wazima. Mama yako anakusalimu na anauliza kama sweta bado inakutosha.

Nina shida, na usinicheke. Bosi mpya wa karakana ya hospitali anataka kila fundi umeme awe na cheti. Mtihani ni tarehe thelathini mwezi huu, wa kuandika. Nikifeli nahamishiwa getini. Miaka ishirini na mbili nimefunga nyaya za wodi zote, leo nikafungulie magari? Nimeazima kitabu cha fizikia kwa mwalimu jirani. Eti ukifunga rizista mbili sambamba, ukinzani unapungua. Vitu viwili vyote vinazuia umeme, halafu kizuizi kinapungua? Mimi naona kitabu kimekosea.

Baba yako

11 Machi

Shikamoo Baba,

Sijambo kabisa. Sweta inatosha, ila mikono imekuwa mifupi. Samahani, nimecheka.

Kitabu hakijakosea. Darasa letu lina mlango mmoja mwembamba, kengele ikilia tunabanana. Tukiongezewa wa pili, hata ukiwa mwembamba vilevile, tutatoka upesi. Rizista ya pili ni mlango wa pili.

Hesabu yake ni hii. Una rizista yenye ukinzani wa omu sita na nyingine ya omu tatu, sambamba. Jumlisha moja ya sita na moja ya tatu, unapata nusu. Jibu ni nusu omu. Fanya hivyo kwenye mtihani. Najisikia vizuri sana kukufundisha kitu, maana hata baiskeli ulinifundisha wewe.

Binti yako

19 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Afya njema, mgongo tu unanisumbua kidogo.

Milango nimeielewa. Nimemweleza hata mama yako, akaniambia niende nikaoge. Ila nusu yako imenikataa. Nimefunga rizista hizohizo sambamba, nikaweka mita ya kupimia ukinzani, ikasoma omu mbili. Nikabadilisha betri ya mita, mbili. Nikaazima mita ya mwenzangu, mbili tena. Labda mkono wangu umezeeka. Wewe ndiye uliyesoma, nijibu haraka.

Baba

27 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini mgongo umepata nafuu. Naandika mbio ili barua iwahi gari la posta.

Mkono wako haujazeeka, mimi ndiye niliyekosea. Ile nusu inatakiwa kupinduliwa, inakuwa mbili. Jana mwalimu amenirudishia jaribio, kosa hilohilo nimelifanya mara tatu. Naona aibu, na naogopa zaidi. Barua zetu zinachukua wiki nzima njiani, na mtihani wako ni siku tatu tu zijazo. Nitakuwa nimemfelisha baba yangu mwenyewe.

Nisamehe.

Binti yako

6 Aprili

Mwanangu,

U hali gani? Mgongo umepona, asante kwa kuuliza.

Barua yako imefika juzi, mtihani umeshapita. Swali la saba lilikuwa la sambamba, omu nne na omu kumi na mbili. Nikajumlisha kama ulivyonionyesha, nikapata theluthi. Nikaikodolea macho. Nikaikumbuka nusu yako na mbili ya mita. Nikasema moyoni, nusu ukiipindua ni mbili, basi theluthi ukiipindua ni tatu. Nikaandika tatu. Nikairudia hesabu mara mbili, maana nilikuwa nakupinga wewe.

Matokeo yamebandikwa leo asubuhi. Ili ufaulu unahitaji alama hamsini, nami nimepata hamsini na moja. Swali la saba lilikuwa na alama nne. Bila ile milango yako ya darasani nisingeligusa kabisa, kwa hiyo acha kulia. Najua umelia, karatasi ilikuwa na madoa.

Likizo ukija, lete sweta, mama yako ataongeza mikono. Lete na hilo jaribio tulipitie wote. Kitabu cha mwalimu jirani bado sijarudisha. Nimefika ukurasa wa sitini, na kuna mahali nadhani safari hii kweli kimekosea.

Mwanafunzi wako,
Baba