Kijiko cha Mama Athieno

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linasemaje? Kaka Hoza aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unashuka shambani kwa kushika miti, na kwamba ukiulizwa unasema unaikagua. Nilicheka, kisha nikakaa kitandani nikiwa na huzuni kidogo. Mimi ni mzima. Huku Tororo, Uganda, kuna joto ambalo ninyi wa Lushoto hamwezi kulijua, na ndani ya banda la nailoni tunamooteshea maua kuna joto zaidi.

Kwenye simu huwa nasema kazi nzuri, kazi nzuri. Haikuwa nzuri, na leo nataka nikueleze.

Unakumbuka ulivyokuwa ukifukia majani ya tughutu kwenye matuta ya maharage, na Baba akikuambia mbolea inauzwa dukani? Huku hakuna tughutu. Kuna alizeti pori, imejaa kila ukingo wa barabara. Nikamwomba mwenye shamba, ambaye sote tunamwita Mzee, anipe vyungu arobaini vya petunia nivilishe majani hayo. Nayakausha, nayasaga, nachanganya na mashudu ya pamba, navingirisha vipunje kama maharage na kuviweka juu ya udongo wa kila chungu. Mzee alinicheka. Kutoka mlangoni kwetu unaiona milima ya Osukuru wanakochimba fosfati.

"Mlima mzima wa mbolea uko pale, na wewe Mtanzania unasaga magugu!"

Lakini alikubali. Alinipa hadi mwisho wa mwezi. Petunia zangu zikilingana na zile za mbolea ya dukani, nabaki. Zisipolingana, hana haja na mtaalamu wa majani.

Mama, zilianza kugeuka manjano. Wiki ya pili, ya tatu, hazina hata tumba moja. Nilirudia hesabu, nikapima maji, nikaongeza vipunje kila nilipoona vimepungua, nikidhani vimeyeyuka. Unanijua, jambo likinishinda silisemi, nakaa nalo tumboni. Niliacha kula mchana. Nilianza kuamini kwamba nilisoma miaka yote ile ili nije kuua maua ya watu.

Asubuhi moja niliwahi kazini kuliko kawaida. Nikamkuta Mama Athieno ameinamia vyungu vyangu na kijiko na ndoo. Huyu ni mama wa kutoka Kirewa, umri kama wako, amefagia na kumwagilia banda lile tangu lijengwe. Alikuwa anakwangua mbolea yangu, chungu baada ya chungu.

"Mama, unafanya nini?"

"Nasaidia wewe, madam. Hii uchafu nyeupe inakula maua. Mzee akiona, anafukuza wewe mpaka kwenu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza iliota. Kila asubuhi. Wewe unalala sana."

Ule weupe, Mama, ni ukungu. Ndio unaovunja vipunje ili mizizi ipate kula. Bila ukungu hakuna chakula. Na yeye alikuwa anauondoa pamoja na vipunje vyenyewe, kwa huruma. Nilimpigia kelele. Akasema taratibu, "Kwetu mwanamke hawezi kuacha ukungu kwa chungu." Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilikuwa nimewaambia akina mama wa bandani wasimwage maji mengi, wasisogeze vyungu. Kuhusu ukungu sikuwaambia neno. Nilidhani ni jambo la vitabuni.

Siku hiyohiyo Mzee akaja kukagua. Akatazama manjano yote yale. Nikamwambia kosa ni langu, sikuwaeleza wafanyakazi, mbolea ikasafishwa.

"Na nani?"

Sikumtaja. Wiki moja kabla alimfukuza mtu kwa kuacha mlango wazi.

"Basi huna ushahidi," akasema.

"Mzee, kuja nyuma." Alikuwa Mama Athieno, na ndoo yake mkononi.

Akatupeleka nyuma ya banda. Mchicha, wenyewe wanauita dodo, umesimama hadi kiunoni mwangu, majani mapana kama kiganja cha Hoza, kijani cha kuumiza macho.

"Hapa ndiyo namwaga. Mtu hajapanda, mtu hajaweka kitu ingine. Mimi ndiyo nilikwangua. Na hii dodo nimekula mara tatu."

Mzee alichuma jani, akaligeuza, akaligeuza tena.

"Mara tatu," akasema, "na hukuniletea hata siku moja?"

Mama Athieno akapiga makofi akicheka. Hakufukuzwa. Mimi nimepewa vyungu arobaini vipya, tulianza Jumatatu, na sasa yeye ndiye anayevilinda. Jana nilimsikia akimkaripia mwenzake, "Ondoa mkono! Hiyo ni chakula inaiva!"

Vyungu hivyo vitachanua, Mungu akipenda, katikati ya Januari. Ndiyo kusema Krismasi sitakuja, Mama. Ningeweza kukuandikia kwamba nimenyimwa ruhusa, nawe ungemlaumu Mzee badala yangu. Sikuomba ruhusa. Nataka niwepo tumba la kwanza litakapotokea. Nimekuwa nikiona vibaya kwa kulitaka hilo kuliko kuketi jikoni kwako, na bado nalitaka.

Msalimie kaka Hoza na mkewe, na shangazi anayenidai picha. Mdogo wangu Nieza mwambie akushike mkono mnaposhuka shambani, hata ukikataa. Ukinikasirikia, nikasirikie kwa siku chache, kisha unipigie.

Mwanao, ambaye amebaki kwa kutaka mwenyewe,

Foibe