Jiwe Liitwalo Mwongo

Pozo Amargo, Sonora
Mei 1935

Dada yangu mpenzi Eduviges,

Pokea salamu nyingi kama mchanga wa huku, ambao juzi upepo uliuingiza hadi ndani ya chungu cha maharagwe tukala hivyohivyo, tunasaga meno. Natumaini wewe, shemeji na watoto mko salama huko Tucson, na kile kikohozi cha mdogo kimepoa. Sisi miili yetu ni mizima. Mama ni macho tu yanayomsumbua kwa vumbi, na bado hataki kusikia habari ya kupumzika mchana. Yule mbuzi wa pembe moja amezaa mapacha, wote majike.

Kabla sijaendelea, nakuomba jambo moja. Barua hii isome peke yako, kisha uichome. Na ukinijibu, niandikie karatasi mbili: moja ya kumsomea Mama, nyingine yangu. Unajua mwenyewe Mama akiona bahasha yako anavyosimama mlangoni, anafuta mikono kwenye aproni mpaka nimalize neno la mwisho.

Ile barua yako ya Pasaka nilimsomea, ila si yote. Pale ulipoandika kwamba don Wenceslao, kompadre wa Baba kwa ubatizo wa watoto, na wanaume wa Pozo Amargo ni waoga waliomwacha Baba chini ya kifusi, na kwamba hutaki tena salamu zao, nilikohoa nikaruka mistari. Mama akauliza mbona nimenyamaza. Nikamwambia mwandiko wako siku hizi umeharibika. Nisamehe, dada. Mwandiko wako haujawahi kuharibika. Ni kwa sababu ya mistari hiyo nimekaa leo kukuandikia, maana nikinyamaza zaidi nitakuwa nimemdhulumu mtu.

Habari kubwa ya huku ni kwamba mgodi wa La Golondrina umefunguliwa tena. Bei ya dhahabu imepanda huko kwenu, na ya madini ya fedha nayo ikaifuata, basi baada ya Krismasi kampuni mpya ikaja na malori, mbao na jenereta inayonguruma kuliko punda wote wa kijiji. Doña Tomasa anasema mgodi huu umezikwa mara nne na mara zote umefufuka, ila waliomo ndani ndio hawafufuki. Anawahesabu kwa vidole: Wahispania na ngazi zao za magogo yaliyochongwa vidato, Waingereza na mtambo wao wa mvuke, wale waliokimbia vita vya mapinduzi, na hawa wa mwisho walioondoka bei ilipoanguka, wakatuachia pampu zenye kutu. Sisi wa kuokoteza mabaki, tuliorudishwa kwa treni na mabunda yetu kutoka Arizona, hatuhesabiwi. Anasema sisi tulikuwa sisimizi juu ya mfupa.

Mhandisi wao anaitwa Whitlock, mtu mrefu, mpole, anayegonga mwamba kwa kinyundo kisha anauramba. Hajui lugha yetu. Mwenye duka akamwambia kwamba binti wa marehemu Práxedes amesoma shule ya Kiingereza huko ng'ambo, na ndivyo nilivyopata kazi ya kuwa mkalimani. Unanijua mimi nilivyo. Padri akinisalimu naangalia viatu vyake. Siku ya kwanza sauti yangu iligoma kabisa, mpaka don Wenceslao akasema, haya jamani, tusubiri, kinanda kinatiwa upepo. Wanaume wakacheka, nami kwa hasira nikaanza kusema.

Mhandisi alieleza kwamba zamani, kabla ya watu, jangwa hili lilikuwa milima ya moto. Maji yanayochemka yalipanda kwenye nyufa za mwamba kama mvuke unavyotafuta ukingo wa kifuniko, na yalipopoa yakaacha kwenye kuta jiwe jeupe kama maziwa, na ndani ya weupe huo nyuzi nyeusi za madini ya fedha, na dhahabu kidogo kama pilipili iliyonyunyizwa. Baadaye ardhi ikakatika, upande mmoja ukateleza chini. Ndiyo maana mshipa wetu wa madini unaishia ghafla kwenye ukuta mwekundu, kama mkate uliokatwa kwa kisu. Hapo Wahispania walikwama, hapo Waingereza walikwama. Don Wenceslao akaniambia nimjibu kwamba huku kila mtoto anaujua ukuta huo, tulichokuwa hatujui ni hayo maji tu. Akaongeza kwamba kama maji ya moto yangezaa fedha, chungu cha mkewe kingeshamtajirisha. Hilo sikulitafsiri. Nilicheka, mhandisi akabaki anangoja.

Lakini wewe unakumbuka Baba alivyokuwa akisema: mshipa haukufa, umejificha. Alijipenyeza kwenye lile handaki jembamba la Wahispania, akapita nyuma ya ukuta mwekundu kuutafuta, na huko paa likaanguka nyuma yake. Haya unayajua. Unajua pia kwamba wanaume walichimba siku kadhaa kisha wakaacha. Usilolijua ni nani aliyewaachisha.

Ni Mama, Eduviges.

Paa lilikuwa linaendelea kuanguka. Siku ya tatu lilimvunja mguu kijana wa Hilario, mmoja wa waliokuwa wakichimba, na mke wa kijana huyo alikuwa mjamzito, analia pale mlangoni mwa mgodi. Walikuwa wamegonga mwamba na kusikiliza, wakagonga tena, hakuna jibu. Hapo Mama akavua shali yake, akaitandaza kwa mikono miwili mbele ya shimo kama anayezuia kuku, akawaambia basi, inatosha, mume wangu ameshakufa na sitaki mjane wa pili hapa. Don Wenceslao alipiga magoti kwenye kokoto, akamlilia Mama, akimwita komadre, ampe siku moja tu. Mama hakusogea. Walipotoka wote, don Wenceslao akawakataza kulitaja jambo hilo milele. Akasema watu wakiuliza, mwoga ni yeye. Nilipomwambia kwamba umezikataa salamu zake, alikuna shingo akajibu, mwache anitukane, mimi nina mgongo mpana.

Sasa nifike kwenye lile lililo zito.

Mwezi uliopita kampuni ilifika kwenye kifusi. Walikuwa wameweka mbao imara, na mhandisi alitaka niingie ndani ili asielewane vibaya na wachimbaji mahali pa hatari. Kukawa na manung'uniko. Si unajua wanasema mshipa una wivu, ukimwona mwanamke unajifunga? Don Wenceslao akawaambia, leo huyu si msichana, huyu ni mdomo, na mdomo hauna mkosi. Mmoja akajibu kutoka nyuma, "Kompadre, mdomo wa mke wangu ndio mkosi wenyewe!" Hicho ndicho kilikuwa kicheko cha mwisho siku hiyo.

Nyuma ya kifusi palikuwa na nafasi kama chumba chetu cha kulala. Mwamba haukuwa umemgusa Baba. Alikuwa amelala ubavu, koti limekunjwa chini ya kichwa, na buti zake zimepangwa pamoja, kama alivyokuwa akizipanga kando ya kitanda. Mahali pale, isipokuwa kona moja, ni pakavu, nilimtambua. Taa yake ya kabaidi ilikuwa tupu, dawa ya kuwashia imekwisha. Kwenye kona hiyo maji yalikuwa yanadondoka tone moja moja, na chini ya matone aliweka kofia yake. Upande wa kutokea kulikuwa na alama za sururu, kisha mawe mapya yaliyoanguka juu ya alama hizo, alijaribu, ikashindikana. Na ukutani, dada, mshipa ulikuwa pale, mpana kama mlango. Aliupata. Chini yake palikuwa na marundo mawili ya mawe, la madini na la takataka, yamechambuliwa na kupangwa vizuri kama uani kwetu.

Mhandisi alivua kofia. Akaniambia taratibu kwa Kiingereza kwamba mtu huyu hakuuawa na mwamba, kwamba maji yale yalimweka hai muda mrefu, labda zaidi ya wiki, na kwamba anasikitika sana, nimwambie mama yangu.

Mama alikuwa anangoja nje, mahali palepale alipotandaza shali. Nilitoka kwenye mwanga nikiwa sioni vizuri. Nikamwambia: mhandisi anasema paa lilimwangukia mara moja, hata hakujua. Don Wenceslao hajui Kiingereza, lakini alikuwa ameziona zile buti. Alinitazama, akasema, ndivyo komadre, mara moja. Mhandisi akaniuliza kama nimeeleza yote. Nikamjibu ndiyo.

Tukamzika kwa heshima, na siku ya Msalaba Mtakatifu walipamba msalaba wake kwa maua ya karatasi, meupe na ya buluu. Kampuni ikampa Mama rundo la madini aliloliacha Baba, magunia kadhaa, ili aliuze. Akayamwaga uani kuyachambua upya, kwa kuwa mnunuzi ni mkorofi. Nilikaa naye. Alikuwa anashika jiwe, analipima mkononi, analitazama, analitupa kushoto au kulia, kama alivyotufundisha tukiwa wadogo: mkono huamini, jicho huhakikisha.

Kisha nikaona ameshika lile jiwe jeupe tunaloliita mwongo. Nawe ulichapwa kwa ajili yake ulipokuwa na miaka sita, huwezi kulisahau: zito kama madini yenyewe, lakini ndani hamna kitu. Mkononi humdanganya hata fundi. Mchana, au kwa taa, mtoto mdogo analitupa, kwa sababu ni jeupe tupu, halina uzi mweusi hata mmoja. Mama aliliweka kwenye aproni. Akapata la pili. Akapata mengine, mengi, yamechanganyika na madini mazuri ya mtu aliyechambua mawe tangu ujana wake na hakukosea.

Aproni ilipojaa, mikono yake ilisimama. Alikaa hivyo mpaka kivuli cha ukuta kilipotufikia, kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza habari ya chumvi, iwapo mhandisi alisema Baba alikufa palepale. Nikasema ndiyo, Mama. Akasema, "Basi shikilia hivyohivyo, mwanangu. Na Eduviges mwandikie hivyohivyo. Asije akajua kwamba taa ilimzimikia."

Alikuwa ameyasoma mawe: Baba aliyachambua gizani, kwa mkono tu, akiwa hai bado baada ya siku ile ya shali. Nilijaribu kumtii. Hii ni karatasi ya tatu. Mbili za kwanza zilisema alikufa palepale, nikazitia motoni. Yeye ananificha mimi, mimi namficha yeye, na sote wawili tukufiche wewe, halafu don Wenceslao abebe matusi yetu wote. Nimeshindwa, dada. Nisaidie kubeba.

Mawe yale meupe hakuyatupa. Ameyapanga dirishani chini ya picha ya Bikira, na kila asubuhi anayafuta vumbi moja moja. Juzi mnunuzi alikuja kuchukua magunia, akacheka, akamuuliza tangu lini doña Librada anahifadhi waongo. Mama akamwambia hayo hayauzwi, na akamkaribisha kahawa.

Anakusalimu sana. Anasema ule vizuri, usifue nguo za watu ukiwa na homa, na watoto wavae soksi. Don Wenceslao naye anakusalimu, kama anavyokusalimu siku zote. Safari hii nakuomba, kwenye ile karatasi ya kumsomea Mama, umrudishie salamu zake kwa jina, nizisome kwa sauti kubwa naye akiwepo.

Nakubusu mikono. Ni mimi mdogo wako,

Herlinda