Simu ya Kifudifudi

Ijumaa, 4 Julai
Kahawa kwa Mbarouk, kama kila alasiri. Simu nimeilaza kifudifudi mezani, pembeni ya dele la kahawa, maana wazee wa pale hupenda kujua nani kanipigia kabla yangu. Ikalia. Sijaiwahi, ikakatika. Kugeuza: Asya. Binti yangu, yuko Maskati. Tangu aolewe bila ya ridhaa yangu hatusemezani. Nimempigia, hakupokea. Kiburi kakirithi kwangu.

Ijumaa, 11 Julai
Vilevile. Asya tena, ikajikata. Mbarouk kasema simu ina shetani, niifukize ubani. Nimeifukiza. Sasa inanukia kama bibi harusi.

Jumamosi, 12 Julai
Asya kamrikodia mama yake ujumbe wa sauti. Mke wangu, Bi Zuhura, kanisikilizisha.
"Mwambie Baba nshafahamu. Mara mbili kanikatia. Sitomsumbua tena."
Sikula.

Jumatatu, 14 Julai
Nimemwomba Zuhura anipigie kila nikaapo, nione wapi inajikata. Nyumbani, salama. Baraza la mawe, salama. Meza ya Mbarouk, ikajikata. Nikatia msala wa kusalia uliokunjwa chini ya simu: salama. Mbarouk kasema shetani kaogopa msala. Nikaondoa msala, nikaweka kandambili yangu. Kaogopa na kandambili.
Nikapapasa chini ya meza. Kibati, waya, kisanduku cha kukanyagia miguuni pa Mbarouk. Fundi redio mstaafu, hana kazi. Kanieleza kwa fahari: kioo kinahisi umeme wa kidole, yeye anapeleka umeme wa uongo, simu ikadhani kidole kimeikata. Ubao mwembamba unaupita. Inyanyue simu kimo cha vidole viwili tu, hauna nguvu. Ningeishika mkononi, isingekatika.
"Mzaha tu, sheikh. Sikujua kama ni Asya."
Nimecheka, kwa mazoea. Njiani ndipo nilipomchukia. Kitu kisichovuka unene wa kandambili kimefika Maskati.

Alkhamisi, 17 Julai
Mbarouk kamrikodia Asya, kaapa, kalia. Asya kamjibu mama yake kuwa Baba hajaacha vituko, sasa anakodi mashahidi. Umeme wa uongo chini ya meza! Hata mimi nisingeamini. Maisha yangu yote nawatania watu. Leo nina la kweli, hakuna anayelitaka.

Ijumaa, 18 Julai
Sikwenda kwa Mbarouk. Kaleta dele mwenyewe, kaliweka mlangoni, kaondoka bila ya salamu. Nimekaa barazani kwangu, juu ya jiwe. Simu mkononi, kioo juu. Apitaye na asome.
Kahawa imepoa.