Sukari ya Keizer na Kalenda ya Chooni

Jumatatu, 9 Oktoba

Tumetoka mjini Dokkum kwa daktari wa mifugo. Keizer ametapika kwenye kiti cha nyuma, kama kawaida yake, kisha akalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Daktari Doutzen amempima kila mahali. Mbwa ana miaka kumi na mmoja na magonjwa yanakaribia idadi hiyohiyo: kisukari, kongosho linalochafuka akila mafuta, magoti mabovu, mtoto wa jicho la kushoto, na sasa la kulia nalo limeanza ukungu. Na jino! Gego la nyuma limeoza, lina usaha, na ndilo linaloichokoza sukari. Lazima ling'olewe. Lakini hapewi dawa ya usingizi sukari ikiwa juu. Kwa hiyo Alhamisi tarehe 26 asubuhi: ikisoma 15 au chini yake, jino linatoka. Ikizidi, hapana.

Mume wangu Wiebren akauliza, na ikizidi? Daktari akasema basi tutakuwa na mazungumzo ya aina nyingine. Akasogeza boksi la karatasi za kufutia machozi upande wetu, taratibu. Nikalisogeza kurudi kwake. Miaka thelathini nimefundisha watu kuendesha gari, sishtuliwi na mtu anayekanyaga breki mapema.

Leo 16.3. Pointi moja na kidogo. Nitaishusha.

Jumatano, 11 Oktoba

15.4! Namtoboa sikio, tone la damu, yeye anapiga miayo.

Utaratibu ni uleule. Saa moja asubuhi sindano ni yangu, hakuna mjadala. Saa moja jioni Wiebren humpa chakula, na sindano humchoma yeyote aliye karibu, kisha anaweka tiki kwenye kalenda ya siku za kuzaliwa za ndugu na marafiki, ile ya ukutani chooni. Mwaka jana, wiki kama hii, almanusura tumchome mara mbili, kila mmoja kwa nia njema. Ndipo nikatafuta mahali ambapo sote wawili lazima tuketi kila siku na kutazama mbele. Katika nyumba hii nzima ni pale tu. Wiebren alilalamika kwamba penseli chooni ni ushamba. Sasa anajazia nayo chemshabongo.

Ijumaa, 13 Oktoba

Miujiza. Jana nilipomaliza vyombo nikaenda chooni, tiki ipo. Leo tena, tiki ipo! Wiebren, ambaye hukumbushwa hata kuvua kofia mezani!

Sikusema kitu. Ukimsifu huyu bwana anaacha. Nimempa donge la nyama kubwa kuliko langu, basi. Miaka thelathini na tisa ya ndoa na bado ana mapya.

Jumapili, 15 Oktoba

21.7. Nimepima sikio la kushoto, nikapima la kulia. Ni hiyohiyo.

Keizer amekunywa mabakuli matatu ya maji kabla ya chai, akakojoa kwenye zulia la mlangoni huku akinitazama kwa heshima zote.

Wiebren kaniletea maua. Bila sababu! Nikamwuliza ya nini, akasema ni kwa bidii yangu, eti ananiona, hata kama hasemi. Nikayapokea, maana bidii ninayo. Kisha nikatoka nje nikalizunguka gari kutafuta palipobonyea. Hakuna.

Mtu anamlisha mbwa huyu. Mimi siyo. Wiebren siyo, kaokoka. Anabaki mmoja: Mwalimu Harmen, ng'ambo ya ua. Kila siku saa nne Keizer hupenya kwenye tundu la michongoma na kwenda kwake. Sijawahi kuliziba. Tangu mkewe Grietje afariki, mbwa huyu humlalia miguuni asubuhi nzima, na nilikosa moyo wa kuwatenganisha. Sasa moyo unaanza kupatikana.

Jumatatu, 16 Oktoba

Nimekwenda kwa Harmen saa nne kamili, bila miadi. Akafungua mlango akauliza nani amekufa. Nikasema nimekuja kunywa kahawa tu. Hakuamini, lakini alinipisha.

Kahawa. Kopo likafunguliwa, biskuti moja kwangu, moja kwake, kopo likafungwa. Mfuniko aliugonga kidogo kwa kiganja kuhakikisha. Alipokwenda kuleta maziwa nikalifungua nikahesabu haraka.

"Kumi na tisa," akasema toka jikoni. "Kesho zitakuwa kumi na nane, kama hutakuja tena."

Nikamwuliza waziwazi: Mwalimu, unampa mbwa wangu biskuti? Alikuwa mwalimu mkuu miaka thelathini na minne, hata sasa huwezi kumjibu umekaa kihasara. Akaweka kikombe chini. Akasema katika kopo hili hakijawahi kutoka kitu kwenda kwa mbwa. Biskuti ni moja kwa kila kikombe cha kahawa, na mbwa hanywi kahawa.

Najua uso wa mwongo. Nimeuona kwa wanafunzi wangu wote walioapa kwamba wametazama kioo. Harmen alinitazama machoni moja kwa moja. Nimeondoka na hasira zaidi.

Jumatano, 18 Oktoba

23.1. Siku nane zimebaki.

Nimeamua kupigana. Nimekata kadi, nikaandika kwa herufi kubwa: NINAUMWA. USINIPE CHOCHOTE. HASA WEWE, HARRMEN. Nikaifunga kwenye ukanda wa shingo wa Keizer, nikamsukuma tunduni.

Amerudi saa sita. Kadi ipo, ila r moja imekatwa kwa kalamu nyekundu. Nyuma imeandikwa: "Biskuti: sifuri. Tahajia: nne kwa kumi. H."

Wiebren amecheka mpaka akakaa chini. Nimemwambia siku hizi anafanya kazi vizuri lakini asijisahau. Akaonekana kutonielewa.

Ijumaa, 20 Oktoba

24.8. Jicho la kulia limekuwa jeupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Leo kagonga mlango wa bafu, akaugonga tena palepale.

Kuna jambo jingine. Boksi la sindano mia nililifungua asubuhi ya tarehe mosi. Leo baada ya kumchoma nimezihesabu, maana mkono ulitaka kufanya kitu. Zilitakiwa kubaki 61. Zimebaki 69. Nane zimezidi!

Nimelifikiria tangu chai. Jibu ni moja tu: Wiebren anarudia sindano zilizotumika. Anazisuuza! Mtu huyu huanika vichujio vya kahawa, atashindwa kuanika sindano? Lakini kesho ni siku yake ya kuzaliwa na viti vimeshaazimwa. Nitamgombeza Jumapili.

Jumamosi, 21 Oktoba

Naandika nikiwa nimejifungia chumbani. Wageni wameondoka. Naanza mwanzo.

Viti duara, watu kumi na wawili, kila mtu akimpa kila mtu mkono, kama desturi: hongera kwa mumeo, hongera kwa kaka yako, hongera kwa jirani yako. Nilimwalika Harmen kwa sababu asingekuwepo watu wangeuliza. Nilimweka dirishani, watu watatu kati yake na mbwa. Mkate wa sukari nikaupandisha juu ya kabati, nikawa nateremsha slesi moja moja.

Saa kumi Harmen akaenda chooni. Akakawia. Akatoka akasimama mlangoni anafuta mikono, akatumia ile sauti yake ya darasani. Akauliza kama leo ni tarehe ishirini na moja. Nikasema ndiyo. Akauliza kama mbwa ameshachomwa sindano ya jioni. Nikasema Mwalimu, ni saa kumi tu, bado.

"Basi mbona tiki ipo?" akasema. "Na ya kesho ipo. Nimefunua kurasa. Mbwa huyu ameshachomwa mpaka Krismasi. Tarehe mosi Januari amechomwa kwa wino mwekundu."

Wifi yangu Aafke akainuka kwenda kuhakikisha. Akarudi ameshika mdomo. Mumewe naye akaenda. Ikawa foleni chooni, watu wazima na sahani zao.

Wiebren akanitazama. Nikamtazama.

"Nilidhani ni wewe," akasema.

"Mimi nilidhani ni wewe."

"Ndiyo maana yale maua."

"Ndiyo maana lile donge la nyama."

Kalenda ya siku za kuzaliwa haina mwaka! Haina Jumatatu wala Jumapili. Ile tuliyonayo ilikuwa ya mama yangu. Watu huzaliwa tarehe ileile kila mwaka, kwa nini uitupe? Tulianza tiki tarehe 12 Oktoba mwaka jana. Tarehe 12 mwaka huu tukazikuta zinatungoja, moja kila siku, safi kabisa. Na mimi niliyeziweka nyingi kati ya hizo nilizitazama nikisema, ah, Wiebren.

Jioni tisa. Jioni tisa mbwa wangu amekosa dawa, na mimi nimekaa namwandikia mzee wa watu kadi za matusi kwa kutumia shingo ya mgonjwa. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka. Harmen alikula mkate wake, akampa Wiebren mkono, akaenda zake. Angenisema ningeshukuru.

Saa moja tulimchoma pamoja, wawili tumesimama, mmoja akichoma, mmoja akishuhudia. Keizer akatulamba wote.

Jumapili, 22 Oktoba

22.0. Karatasi mpya kwenye mlango wa friji, juu nimeandika 2023, nikapiga mstari mara tatu.

Nimelia kidogo juu ya kichwa chake asubuhi. Nikasingizia vitunguu. Wiebren akasema hakuna vitunguu humu tangu Alhamisi.

Jumatatu, 23 Oktoba

19.6. Nimempigia Daktari Doutzen nikaungama. Nadhani aliondoa simu mdomoni kwanza. Akasema nisizidishe dozi kufidia, hata kwa bahati mbaya, nirudi kwenye ileile na nisubiri. Jino bado Alhamisi, 15 bado ni 15.

Jumanne, 24 Oktoba

17.2. Inashuka! Wiebren anasema maua yake nimeyapata kwa udanganyifu. Nikamwambia arudishe donge la nyama kwanza.

Bado sijakwenda kwa Harmen. Nimefika tunduni mara mbili.

Jumatano, 25 Oktoba

15.8 asubuhi. Sindano zote zimechomwa, chakula kimepimwa kwa mzani, matembezi dakika ishirini, na imegoma hapohapo. Nukta nane tu! Kesho ndiyo siku. Nimekaa na kipimo mkononi nikiwaza yale mazungumzo ya aina nyingine, na kwa mara ya kwanza nikatamani lile boksi la karatasi.

Saa nne nikaenda kwa Harmen. Nilichukua nusu ya mkate wa sukari na daftari hili, kwa sababu namba zote zimo na daktari ataniuliza. Keizer akanitangulia tunduni. Maneno nilikuwa nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo cha ukumbini: Mwalimu, nilikukosea, nilikushuku bila ushahidi, nilikuaibisha kwa maandishi. Na jina lako lina r moja.

Alisikiliza amesimama. Kisha akasema, "Sahihi. Kaa."

Kahawa. Kopo, biskuti moja, mfuniko. Halafu akalifungua tena! Akanipa ya pili. Harmen hakutoa ya pili hata siku ya mazishi ya Grietje. Nikajikuta namweleza yote: kwamba imebaki nukta nane, kwamba sijui zinatoka wapi, kwamba kesho ikisoma hivyo jino litabaki, na jino likibaki mbwa haendi mbali. Harmen akakiweka kikombe chini bila kunywa.

Saa yake ya ukutani ikagonga nne na nusu.

Keizer akainuka. Magoti yake hayo. Akapita kati ya kiti na meza bila kugusa popote, yeye ambaye nyumbani kwangu hugonga mlango wa bafu kila asubuhi. Akaingia jikoni. Akaketi mbele ya friji, akainua mguu wa mbele, akangoja.

Biskuti ya pili ilikuwa mdomoni mwangu. Harmen alikuwa anaangalia dirishani.

"Uliuliza biskuti," akasema. "Jibini hukuuliza."

Jibini kuukuu, iliyojaa mafuta, kila siku ya Mungu saa nne na nusu, ikienda moja kwa moja kwenye kongosho bovu! Nilitaka nirudishiwe msamaha wangu wote na nusu ya mkate. Nikamwuliza tangu lini, nikiwa nimeshajipanga kumsema mpaka mchana.

"Ni Grietje aliyeanza," akasema, bado anaangalia dirishani. "Mimi nimeendeleza tu."

Basi nikashindwa kumsema. Nikaomba simu.

Sasa niko mezani kwake, simu begani, daftari gotini. Daktari Doutzen anasema jibini ikikoma sasa hivi, leo hii, kesho inawezekana, lakini inategemea ni nyingi kiasi gani. Anataka kujua ukubwa wa kipande. Nimemwuliza Harmen. Amesema kidogo. Nikamwambia Mwalimu, nionyeshe. Ameinua kidole gumba na cha shahada, vimegusana. Mtu huyu hajawahi kusema uongo maishani. Daktari anangoja. Vidole vimeachana, na bado vinaachana.