Shemeji Alichukua Kompyuta za Zahanati, Siri ya Mgonjwa Ikaishia Kibandani

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijagombana na ukoo mzima wa mume wangu, maana nimejaa hadi kooni. Mimi ni mkunga, nina zahanati yangu ndogo ya akina mama, na tulipobadilisha kompyuta zile za zamani zilibaki zimerundikwa chumba cha dawa mpaka muuguzi akawa anapita kwa ubavu, ndipo shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye mtaani wanamwita Kijani kwa sababu ya fulana yake yenye picha ya jani, akaja na pikapu akasema yeye ni mtaalamu wa kuchakata taka za kielektroniki, mume wangu akasema mpe, ni ndugu, nikamuuliza na kumbukumbu za wagonjwa je, akacheka, "Shemeji, hizo nazisaga zinakuwa unga."

Unga! Mshauri, hakusaga hata kitufe. Aliziuza nzima nzima, moja ikanunuliwa na mwenye kibanda cha michezo ya video karibu na shule, wanafunzi wakapekua wakakuta mafaili yetu, na ndani yake alikuwemo mwalimu wao wa hesabu, ambaye alikuwa anakuja kwangu kutibiwa kwa sababu mimba zinamtoka, jambo ambalo hata dada yake wa tumbo moja halijui. Asubuhi akaingia darasani akakuta limeandikwa ubaoni.

Alikuja zahanati moja kwa moja, chaki bado mikononi, akasimama mbele ya wagonjwa waliokuwa wanasubiri, wala hakupiga kelele. "Mkunga, nilikuambia wewe peke yako. Umemwambia nani?" Nikamvutia kiti, hakukaa. Akaondoka, na wagonjwa wawili wakanyanyuka wakamfuata.

Ile kompyuta nilikwenda kuichukua mwenyewe kibandani. Nikampigia Kijani, unajua alisemaje? "Lakini shemeji, mimi nilifuta, yote niliyatupa kwenye lile kapu la takataka la kompyuta." Kapu ambalo ukilifungua unakuta kila kitu kimekaa kinakusubiri! Sikujua nilie au nicheke.

Sasa zimebaki printa, kompyuta nyingine na mashine yetu ya zamani ya kupima mimba kwa picha. Nimepata kampuni, wanatoza, ila wao wenyewe wamesema niende nikaone wanavyofanya kazi. Mume wangu kanuna: "Unampa mgeni kazi, mdogo wangu anatazama?" Mama mkwe naye kaja, kakaa sebuleni na mkoba mapajani, hataki hata chai, anasema, "Mtu kakosea mara moja, ndiyo umzike?" Jumamosi Kijani anakuja na pikapu. Niwaambieje watu hawa bila kuvunja ndoa yangu?

Mkunga mwenye hasira

JIBU

Dada mkunga, pole, na hasira yako ni halali. Shemeji yako hakukosea, alidanganya. Alikuahidi unga, akaziuza nzima nzima. Mama mkwe akitaka kumtetea, akamtetee mbele ya yule mwalimu, tuone.

Lakini na wewe njoo hapa. Uliwahi kuiona karakana yake? Uliiona leseni? Dawa za zahanati yako hununui kwa mtu kwa kuwa kavaa fulana yenye picha ya kidonge. Basi mashine zilizobeba siri za watu ulimpaje mtu kwa ajili ya jani?

Mumeo mwambie mkiwa wawili tu: "Ndugu yako ni ndugu yangu, aje ale. Siri za wagonjwa si zangu kuzigawa." Akinuna, anune. Hakuna mtu mzima aliyelazwa kwa kununa.

Jumamosi Kijani aje, ila pikapu irudi tupu. Umerudisha kompyuta moja, nyingine ziko wapi? Akuonyeshe alikoziuza, mzifuate. Akikataa, nenda polisi, shemeji au si shemeji.

Hiyo kampuni nenda kaikague kweli. Leseni ya mamlaka ya mazingira uishike mkononi. Uliza visivyofaa kuchakatwa vinakwenda wapi, na ukiona nyaya zinachomwa uani, geuka urudi. Zile diski zinazotunza kumbukumbu zitobolewe au zisagwe hapohapo kwako, wewe ukiangalia, na cheti kitaje kila mashine kwa namba yake. Hata hiyo ya picha, nayo ina kumbukumbu.

Halafu kuna hili lililoniudhi. Umeniuliza kuhusu mume, mama mkwe na shemeji. Barua nzima hukuniuliza umwambie nini mwalimu. Alikuuliza swali, na mpaka leo hana jibu. Nenda kwake leo, usibebe zawadi, usijifiche nyuma ya Kijani. Sema: "Sikumwambia mtu, lakini siri yako sikuilinda." Mwombe radhi, muulize kama anataka ukaseme hivyohivyo mbele ya mkuu wa shule. Akikufungia mlango, ana haki.

Ukitoka hapo, wapigie wagonjwa wote waliokuwemo kwenye kompyuta hizo, mmoja mmoja, kwa sauti yako mwenyewe, kabla hawajasikia kwa mtu mwingine.