Hakutulia

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Sungura yuko kwenye boksi chini ya meza, usimtoe. Funga dirisha la jikoni, paka wa jirani ameshanusa damu. Kucha zilizobaki nitazikata mwenyewe ~~nikirudi jioni~~ nikirudi.

Asubuhi ulimlaza chali mapajani, akalegea, ukaanza kujisifu: "Mnaona mkono wa baba? Ametulia." Hakutulia, mume wangu. Sungura ukimlaza chali huganda kwa hofu. Ndiyo maana mkasi ulipofika kwenye mshipa ndani ya ukucha, damu ikachuruzika na yeye hata hakutikisika. Nimeizuia kwa unga wa ngano. Anatakiwa asimame kwa miguu yake, umfunge taulo, ukate ile ncha ya ukucha tu. Haya, bingwa.

Nilipokuwa nafuta damu nikakumbuka jana, ulipomaliza kumfokea binti yetu. Ulisema neno lilelile: "Siku hizi ametulia."

Tunaenda kwa dada yangu. Usitufuate leo.

Binti yako yuko hapa mlangoni, ameshavaa viatu. Hajaniuliza tunaenda wapi. Ametulia.

Mama yake