Kibao Katika Shamba la Mama Faida

Ijumaa, Mei 2013

Mvua inapiga bati hapa Biharwe tangu tuliporudi jioni hii, na viatu vyangu bado vina matope ya kambi ya Nakivale. Sijavifuta.

Leo nimetapika nyuma ya gari la mradi, dereva akiniona. Si chakula. Ni maneno yaliyotoka kinywani mwangu mwenyewe.

Ngoja niandike polepole, maana nikienda mbio nitaanza kujitetea.

Mimi ni mkalimani. Chuo kikuu kimoja cha umma cha mkoa mwingine, jina lake nalimeza, kilipata pesa za wafadhili kufanya utafiti wa muhogo na kuwaelimisha wakimbizi wa Nakivale namna ya kuulima. Kuwaelimisha, eti! Watu wa Fizi na Uvira, kule kwetu ng'ambo ya mpaka, waliozaliwa katikati ya muhogo! Mimi mwenyewe ni mtu wa Fizi, nilijua ni kichekesho. Lakini nilitaka kazi, nikafunga mdomo.

Mwaka jana, mwezi wa sita, tulipeleka vijiti vya muhogo kwa lori. Mwezi wa sita! Kiangazi kikavu, vumbi mpaka kwenye meno. Mtoto yeyote wa kambini angekuambia huo si wakati wa kupanda. Ila mwaka wa mfadhili unafungwa mwezi wa sita, na kwenye ripoti lazima iandikwe "tumepanda". Basi tukapanda. Tulivuta kamba, mistari ikanyooka kama gwaride la kambi ya jeshi ya Makenke, na kila kijiti tukakizika kwenye udongo mgumu kama tofali.

Mama Faida alisimama mpakani mwa shamba, mikono kiunoni, akitutazama. Ni mjane, analea wajukuu wanne, na shamba lake limepakana na lile tulilopewa sisi. Si mama yangu wa kunizaa, lakini kambini mtu wa kwenu ndiye ndugu yako, na yeye ananiita mwanangu. Alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamtoka.

"Mwanangu, bale bakubwa banalima na karatasi? Mvua iko fasi gani?"

Sikuwatafsiria wakubwa kwamba anauliza mvua iko wapi. Huo ulikuwa uoga wangu wa kwanza.

Yeye alikata vijiti vyake, akavisimamisha kivulini, akavifunika majani makavu, akangoja. Mvua ya mwezi wa tisa ilipoanguka, akapanda, na maharage katikati. Kwenye mafunzo yetu hakukanyaga hata siku moja. Alisema hawezi kukalia kiti cha plastiki afundishwe kusonga ugali.

Vijiti vyetu vilikauka vyote. Mbuzi wakamalizia.

Wiki hii ikaja habari: wafadhili wanafika Ijumaa kuona "shamba la mfano". Shamba gani, Mungu wangu? Dokta anayeongoza mradi hakutoka hata jasho. Juzi alinituma kwa Mama Faida. Kibao cha mradi king'olewe kule kwenye vijiti vikavu, kisimamishwe kwenye muhogo wake, siku moja tu.

Nikaenda. Nikamwambia siku moja tu. Nilimwapia kwa jina la Yesu, mimi ninayeimba kwaya.

Akanijibu: "Kama ni weye unasema, baiweke."

Basi leo wageni wameshuka kwenye magari yao, wakakuta muhogo umewapita vichwa. Wakapiga picha kibao, wakapiga picha majani. Mama Faida alivaa kitenge chake cha kanisani. Mgeni mmoja, mama wa Kizungu mwenye sauti ya upole, akaniomba nimuulize: umejifunza nini kwenye mradi huu?

Nikamuuliza. Mama akajibu bila kupepesa macho.

"Umwambie, mimi njo nilipanda hii. Babo balipanda mu jua, ikakufa. Hii shamba ni yangu na bajukuu bangu. Kama banataka kujifunza, bakuje mwezi wa tisa, nitabaonyesha."

Dokta anaelewa Kiswahili. Hakusema kitu, alinitazama tu. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao.

Nikafungua mdomo, nikasema kwa Kiingereza kwamba Mama anaushukuru mradi kwa kumfundisha kupanda vizuri. Nikaongeza kwamba anafurahi kuutolea mradi shamba lake ili wengine nao wajifunze.

Hayo ya mwisho hakuna aliyenituma. Niliyatoa mwenyewe, ili yapendeze.

Wageni wakapiga makofi. Na Mama Faida, alipoona makofi, akadhani maneno yake yamefika. Akapiga kigelegele! Alisimama pale chini ya kibao chetu akishangilia.

Hapo ndipo nilipokimbilia nyuma ya gari.

Dereva wetu ni askari mstaafu, amekulia Makenke, Kiswahili na Kiingereza anavisikia vyote. Alinipa maji ya kusukutua, akangoja nimalize.

"Madam," akasema, "hata sisi jeshini, kama umekula mbuzi ya mutu, haumuiti mwenye mbuzi akuje kukupigia makofi."

Nikamrudishia chupa yake, nikapanda gari.

Nilidhani mabaya yameishia hapo. Njiani Dokta akageuka, uso umemchangamka, akasema kibao hakirudi tena. Wageni wamelipenda shamba, wanataka liwekewe uzio kwa awamu ya pili. Jumatatu atapeleka barua ofisi ya kambi, shamba liandikwe la mradi. Mkimbizi hana hati ya ardhi, anayo ruhusa tu, na ruhusa hubadilishwa kwa karatasi moja. Mama Faida atatafutiwa kipande kingine kule kwenye mawe. "Atazoea," akasema.

Nikamwambia, Dokta, tulimwambia siku moja.

Akanishangaa kweli, wala hakuwa na hasira. "Lakini si wewe uliyesema amekubali? Sote tumekusikia."

Pfff! Nawachukia hawa watu na kamba zao na ripoti zao. Lakini nikisema ukweli hapa pasipo na mtu, ninayemchukia zaidi leo ni huyu anayeandika. Dokta alinyamaza tu. Mwongo alikuwa mimi.

Tulipokuwa tunaondoka, Mama alinipitishia dirishani fungu la sombe, majani ya muhogo ule ule. "Aksanti, mwanangu. Umenisemea muzuri." Liko jikoni, bado limefungwa kwa kamba ya mgomba. Siwezi kulipika, na kulitupa ni dhambi nyingine.

Yule mgeni aliniachia anwani yake. Nimeshamwandikia barua pepe: swali lake, jibu la Mama Faida neno kwa neno, halafu kile nilichosema mimi. Nimeituma kabla woga haujarudi. Mkataba nimeshauaga.

Imebaki kazi ngumu. Kesho asubuhi naenda Nakivale, Mama Faida ajue kabla ya hiyo Jumatatu. Atanikaribisha, atanipa kigoda, ataniuliza nimelalaje. Na mimi itabidi nimwambie kwa Kiswahili chetu, uso kwa uso, bila mkalimani, nilichomfanyia.